Tarihi ya Sumaku Katika Vibete Vyekundu

Mwezi wa Juni, kusi ikiwa imekwisha kushika na mbingu ya pwani imetakata baada ya masika, mtu akisimama usiku Unguja au Kilwa na kuuelekeza uso wake kusini huiona nyota ya Rijili Kantori, ambayo Wazungu huiita Alpha Centauri, ikimeta kwa utulivu. Wala haoni, hata akiwa na macho makali kama ya rubani wa jahazi, kwamba ubavuni mwake pana nyota nyingine, nyekundu na ndogo, iliyo karibu nasi kuliko nyota zote isipokuwa jua, ambayo mwanga wake ni hafifu mno hata jicho tupu haliwezi kuupokea. Nyota hiyo iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes katika kituo cha falaki cha Johannesburg, kwa kulinganisha vioo vya picha vilivyopigwa katika nyakati mbili zilizopishana miaka mitano, na baadaye akapendekeza iitwe Proxima, yaani ya karibu mno. Si hiyo pekee iliyojificha. Wanafalaki hukadiria kuwa katika kila nyota nne za ujirani wetu tatu hivi ni za jinsi yake, vibete vyekundu, na katika hivyo vyote hakuna hata kimoja kinachoonekana bila ya darubini. Ndiyo sababu wazee wetu, waliozipa nyota majina na kuzitegemea katika safari za kwenda Arabuni na Bara Hindi na kurudi, hawakuvipa vibete vyekundu jina hata moja.

Kibete chekundu ni nyota kamili, yenye moto wake wenyewe, ila uzito wake ni kati ya sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito wa jua na nusu yake na ziada kidogo, na joto la uso wake ni nyuzi 2,500 hadi 3,900 hivi za Kelvin, hali uso wa jua unakaribia 5,800. Kwa kuwa hutumia akiba yake kwa uchache kama fukara mwenye busara, umri wake ni mrefu kupita wa jua mara nyingi. Mtu angedhani kwamba kitu kidogo, kisicho moto sana na chenye maisha marefu namna hiyo kingekuwa kitulivu. Lakini ndani ya nyota hizi imo nguvu ya sumaku ambayo, kwa kipimo cha ukubwa wake, inalishinda jua kwa mbali. Ninalotaka kusimulia ni jinsi watu walivyojifunza kuisoma sumaku hiyo, na jinsi ambavyo karibu kila alama waliyoipata ilikuwa na maana mbili, moja ya kupoteza na moja ya kuongoza, na ile ya kupoteza ndiyo aghalabu iliyotangulia kubisha hodi.

Mwanzo wa khabari ni jua. Tarehe 1 Septemba 1859 Richard Carrington, Mwingereza aliyekuwa na desturi ya kuchora madoa ya jua, aliona juu ya kundi moja la madoa mianga miwili mikali ikichomoza na kufifia kwa dakika chache, na kabla ya siku mbili kutimia sindano za sumaku duniani zilivurugika na mitambo ya simu za waya ikatoa cheche. Kuwa mambo hayo yana nasaba watu walishuku, lakini walikosa njia ya kuipima sumaku wasiyoweza kuisogelea. Njia hiyo ilifunguka mwaka 1896 katika mji wa Leiden, pale Pieter Zeeman alipouweka mwali wa moto wenye sodiamu baina ya ncha za sumaku akaona mistari ya mwanga wake ikitanuka. Na mwaka 1908 George Ellery Hale, katika mlima wa Mount Wilson huko California, aliikuta alama hiyo hiyo katika mwanga utokao kwenye madoa ya jua. Baharia wa kwetu ataielewa hoja hii upesi kuliko watu wengi, kwa maana yeye naye hajapata kuiona sumaku kwa macho yake: huona sindano ya dira imepinda, na kwa kupinda kwake hujua kwamba kipo kitu, labda kipande cha chuma kilichowekwa na asiyejua. Mstari katika spektra ya nyota, yaani mwanga wake uliotandazwa rangi kwa rangi, ndio sindano ya mwanafalaki.

Juu ya vibete vyekundu vyenyewe, alama ya kwanza ilisomwa vibaya, na aliyeisoma vibaya alikuwa mtu hodari. Mwaka 1924 Ejnar Hertzsprung, katika kuchunguza vioo vya mbingu ya kusini, alikuta nyota moja dhaifu imeng'aa ghafla na kurudi hali yake kwa muda mfupi kuliko nyota zozote zenye kubadilika zilizojulikana, naye akaona huenda ni sayari ndogo iliyoanguka ndani ya nyota na kuteketea. Dhana hiyo si ya kuchekwa. Palipotokea mripuko mmoja tu, usiorudiwa, katika kitu kilichodhaniwa kuwa hakibadiliki, mtu mwenye insafu angetafuta sababu nje ya kitu hicho. Adriaan van Maanen, aliyekuwa akipima umbali wa nyota kwa darubini kubwa za Mount Wilson, aliandika mwaka 1940 kwamba kibete kimoja katika kundi la Dubu Mkubwa kilionekana katika kioo kimoja kiking'aa kupita kawaida yake, na baada ya miaka mitano akataja kingine. Lakini maneno hayo yalikaa katika safu za vipimo kama punje ya mchanga katika gunia la mchele.

Aliyeyatoa gunini alikuwa Willem Luyten, mzaliwa wa kisiwa cha Java mwaka 1899, ambaye alipotewa na jicho moja akali kijana na kwa lile lililosalia akachunguza vioo vya nyota bila ya kuchoka maisha yake yote. Mwaka 1948 aligundua jozi ya vibete katika kundi la Nyangumi, umbali usiofika miaka tisa ya nuru, na mwaka huo huo wenzake wa Mount Wilson, Alfred Joy na Milton Humason, walikuta spektra ya mmoja wao imegeuka: mistari ya haidrojeni iliwaka kwa nguvu, na upande wa samawati uling'aa kana kwamba juu ya nyota ile baridi umewekwa ghafla uso wa nyota nyingine iliyo moto. Nyota hiyo leo huitwa UV Ceti, nayo imekuwa kiongozi wa jamii nzima. Mwaka 1952 mwanga wake ulipanda mara 75 katika muda wa sekunde 20. Hapakuwa tena na njia ya kusema kwamba ni sayari zinazoanguka, kwa kuwa sayari hazianguki kila baada ya saa chache. Mripuko ulitoka katika tabia ya nyota yenyewe. Mwaka 1951 Harlow Shapley alirudi katika hazina ya vioo vya Harvard, vingi vikiwa vimepigwa katika kituo cha Boyden karibu na Bloemfontein, akaona kwamba hata Proxima, jirani yetu, ni wa ukoo huo, na kwamba miripuko yake ilikuwa imelala katika makabati kwa miaka, imepigwa picha na haijasomwa.

Kisha ikaja zamu ya masikio. Bernard Lovell wa Jodrell Bank, Uingereza, alianza mwaka 1958 kuielekezea UV Ceti na wenziwe darubini yake ya redio, ambayo bakuli lake lina upana wa mita 76, kwa hoja kwamba jua linapotoa mripuko hutoa pia mawimbi ya redio, na kwa hiyo nyota hizi zifanye vivyo hivyo. Alipata mitutumko ya redio. Lakini mtutumko wa redio unaweza kutoka katika nyota au katika gari linalopita barabarani, na kalamu inayochora juu ya karatasi haijui tofauti. Ilimbidi atafute shahidi wa pili, akashirikiana na Fred Whipple wa Smithsonian, ambaye alikuwa na kamera zilizotawanywa duniani kwa kazi ya kufuata satelaiti, ili nyota ile ile itazamwe kwa mwanga katika dakika ile ile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1963 yalionyesha mwanga na redio vikipanda pamoja. Mimi huona kazi hiyo kuwa mfano mzuri wa adabu ya elimu: alikuwa na alama mkononi tangu mwanzo, wala hakuiamini mpaka ilipothibitishwa na wa pili.

Madoa yalikuwa na subira zaidi. Gerald Kron wa kituo cha Lick alieleza mwaka 1952 kwamba mwanga wa YY Geminorum, jozi ya vibete katika buruji ya Jauza wanaopatwana kila wanapozungukana, hupanda na kushuka hata wakati hakuna kupatwa, na akasema sababu yake ni mabaka katika nyuso zao. Watu hawakulipokea jambo hilo kwa shauku. Ilichukua miaka mingi, na kazi ya Pavel Chugainov katika Crimea na ya David Evans, aliyekuwa zamani Rasi ya Tumaini Jema, mpaka mwaka 1973 Bernard Bopp na Evans walipotoa hesabu kamili ya nyota yenye madoa makubwa inayojizungusha kama taa ya mnara wa pwani. Hata hapo mlikuwa na mtego, kwa maana nyota ambayo mwanga wake haubadiliki huenda haina doa hata moja, na huenda imetapakaa madoa pande zote sawasawa.

Sasa nifike penye kiini cha kazi, nacho ni hewa ya nyota. Mwaka 1913, huko Potsdam, Gustav Eberhard na Karl Schwarzschild walikuwa wameona kwamba katika nyota kama Simaki na Dabarani, katikati ya mistari myeusi ya kalsiamu mna uzi mwembamba wa mwanga, kama ule unaoonekana juu ya sehemu za jua zenye madoa, wakauliza kama uzi huo utabadilika kwa mzunguko wa miaka kama madoa ya jua. Schwarzschild alikufa mwaka 1916. Jibu la swali lao lilitoka mwaka 1978, kwa mkono wa Olin Wilson, aliyepima nyota 91 tangu mwaka 1966 usiku kwa usiku na kuona kweli nyingi zina mizunguko yao. Uzi ule wa mwanga maana yake ni kwamba juu ya uso wa nyota, mahali ambapo hewa ingepaswa kupoa, joto linapanda upya. Hilo ndilo tabaka la kromosfia, na juu yake iko taji, ambayo kwa jua hufikia nyuzi milioni moja na zaidi. Ni kama mtu anayeondoka jikoni akaona kwamba kadiri anavyokwenda mbali na meko ndivyo joto linavyomzidi. Lazima pawe na kitu kinachobeba nguvu kutoka chini bila ya kuimwaga njiani, na kitu hicho ni sumaku.

Mtu asidhani kwamba kielelezo cha hewa ya nyota ni picha. Ni hesabu. Mhasibu huikata hewa ya nyota tabaka kwa tabaka, huliwekea kila tabaka joto analolidhania, kisha huuliza: katika joto hili na msongamano huu, atomu ngapi za haidrojeni zimekaa daraja ya kwanza ya nguvu, ngapi zimepanda ya pili, ngapi zimenyang'anywa elektroni zao, na mwanga utokao chini ukipita humo utamezwa wapi na kuongezwa wapi? Taabu yake ni kwamba mwanga ndio unaowapandisha atomu madaraja, na atomu ndio wanaoamua mwanga gani upite, hata hakuna anayeweza kuhesabiwa kabla ya mwenzake. Basi hukisiwa mmoja, akahesabiwa wa pili, akasahihishwa wa kwanza, na kurudiwa tena na tena mpaka wote wawili watulie. Kwa jua kazi hii ilifikishwa daraja ya juu mwaka 1981 na Jorge Vernazza, Eugene Avrett na Rudolf Loeser, kwa msaada wa kompyuta, na kila aliyetaka kuhesabu nyota nyingine alianza kwa kuazima njia yao.

Mwaka 1979 Lawrence Cram na Dermott Mullan waliipeleka hesabu ya namna hii katika vibete vyekundu, wakatoka na jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika tarihi hii. Mstari mwekundu wa haidrojeni, unaoitwa alfa, humezwa na atomu waliokwisha kupanda daraja ya pili. Na katika hewa ya nyuzi 3,000 atomu wa daraja hiyo ni wachache kiasi cha kutohesabika. Kwa hiyo kibete ambacho hakina kromosfia kabisa hakitakuwa na mstari huo, au utakuwa kama kivuli. Kikianza kupata kromosfia dhaifu, atomu hupanda, na mstari mweusi hutokea na kuzama zaidi na zaidi. Lakini kromosfia ikizidi uzito, atomu hao hao huanza kutoa mwanga wao wenyewe, mstari hujazwa kutoka ndani, hufutika, kisha hugeuka kuwa mng'aro. Tazama basi linalofuata: nyota yenye mstari mweusi sana, ambayo mtu angeiita tulivu, imekwisha kuamka, na nyota isiyo na mstari wowote huenda imelala usingizi mzito, au huenda imo katikati ya njia, inakaribia kuwaka. Alama moja, na hali mbili zilizo mbali mno. Ili kuzitenga ilibidi kuutazama pia mstari wa kalsiamu, ambao mng'aro wake hukua kwa kadiri kromosfia inavyokua.

Vielelezo hivyo vilikuwa na upungufu ambao watengenezaji wake waliujua. Vinasema joto liko wapi, havisemi limeletwa na nani. Nguvu ya sumaku imo ndani yake kama mtu aliyeko nyuma ya pazia, anayejulikana kwa kutikisika kwa nguo. Tena mwanga wa nyota hutufikia umechanganyika, wa mahali penye machafuko pamoja na wa mahali palipo shwari, na joto la wastani lipatikanalo kwa kuuchanganya huenda halipo mahali popote juu ya nyota. Kwa sababu hiyo waliofuata, kama Birgit Fuhrmeister na wenzake mwaka 2005 kwa programu ya PHOENIX, walianza na hewa kamili ya kibete chenyewe, yenye molekuli zake, badala ya kuipunguza hewa ya jua mpaka itoshe.

Mwaka 1985 ulikuwa na baraka ya pekee, na nyota yake ni AD Leonis, katika buruji ya Asadi. Tarehe 12 Aprili nyota hiyo ilitoa mripuko uliodumu zaidi ya saa nne, ukatazamwa kutoka duniani na kwa satelaiti ya urujuanimno pamoja. Suzanne Hawley na Bjørn Pettersen waliuchambua kwa miaka kadhaa, wakaona mwanga wake mweupe unafanana na wa kitu chenye nyuzi 9,000 hadi 10,000, na vielelezo vya wakati ule, vilivyopasha hewa joto kwa eksirei na kwa mikondo ya elektroni, havikuweza kuutoa mwanga mwingi kiasi hicho. Mwaka huo huo Steven Saar na Jeffrey Linsky waliipima sumaku ya nyota hiyo hiyo katika mwanga wa infraredi, ambako mistari hupasuliwa zaidi na kazi ya Zeeman huonekana wazi, wakapata gausi 3,800 juu ya asilimia 73 ya uso wake. Sumaku inayoigeuza dira yetu haifiki gausi moja. Madoa makali ya jua hufikia elfu tatu na kidogo, nayo hufunika sehemu ndogo mno ya jua. Hapa karibu nyota nzima ni doa.

Sumaku hiyo inatoka wapi? Katika jua, wanafalaki wengi waliweka kiwanda chake katika mpaka ulio baina ya kiini, ambacho hujizungusha kama gimba moja, na sehemu ya juu inayochemka kama uji chunguni. Kusuguana kwao ndiko kunakozikunjakunja nyuzi za sumaku na kuzikaza. Lakini nyota iliyo chini ya asilimia 35 hivi ya uzito wa jua huchemka kutoka moyoni hadi usoni, na mpaka huo haumo. Ilitazamiwa basi kwamba katika uzito huo sumaku ingedhoofika, au ingebaki vipande vipande bila ya mpango. Haikudhoofika. Na mwaka 2006 Jean-François Donati na wenzake, wakitumia darubini iliyoko Hawaii, walichora sumaku ya V374 Pegasi, kibete kinachochemka chote na kujizungusha katika muda usiofika nusu ya siku, wakaikuta imepangika kwa usahili, yenye ncha mbili kama sumaku ya mezani. Mwaka 2008 Matthew Browning alionyesha kwa kompyuta kwamba mchemko na mzunguko peke yao huweza kujenga sumaku kubwa ya namna hiyo. Hata hivyo uchoraji wa Donati hutegemea mwanga uliopolarishwa, ambamo ncha za kaskazini na za kusini zilizo karibu karibu hufutana kama deni na malipo, na sehemu kubwa ya sumaku hupotea katika hesabu. Ukipimwa mpasuko wa mistari bila ya kutenganisha mwanga, sumaku hutoka kubwa zaidi mara nyingi. Njia mbili za kusoma, kurasa mbili za kitabu kimoja.

Tangu sayari zilipoanza kutafutwa kuzunguka vibete, kosa la kusoma limekuwa na gharama mpya. Mwaka 2007 ilitangazwa sayari ya Gliese 581 d, ambayo mwaka wake ulihesabiwa baadaye kuwa siku 66 hivi, nayo ikapendwa na watu kwa kudhaniwa ingeweza kuwa na maji. Mwaka 2014 Paul Robertson na wenzake walionyesha kwamba ishara yake ilikuwa ni kazi ya sumaku juu ya nyota yenyewe, ambayo hujizungusha kwa siku 130, maradufu ya muda ule. Sayari ya Proxima, iliyotangazwa mwaka 2016, imesimama imara katika vipimo vilivyofuata, lakini huzunguka kwa siku 11 ubavuni mwa nyota ambayo tarehe 1 Mei 2019 iliongeza mwanga wake wa urujuanimno mara 14,000 kwa sekunde chache.

Mwaka 2017 Denis Shulyak na wenzake walitangaza kwamba wamepima katika WX Ursae Majoris sumaku ya wastani wa gausi 7,000 hivi, iliyo kubwa kuliko zote zilizokwisha kupimwa katika vibete vyekundu hadi siku hiyo. WX Ursae Majoris ndicho kile kibete cha Dubu Mkubwa ambacho van Maanen, akitafuta umbali wake, alikikuta kimeng'aa katika kioo kimoja, akaliandika jambo hilo katika safu za vipimo vyake na kuendelea na kazi.